Shingo ya Papa, Mbele au Nyuma

Likasi, tarehe 11 Februari 2024

Tatu mukaji,

Naanza na jambo lenyewe kabla ya salamu, unisamehe, juu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, najijua. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama, hata padri: tangu Novemba, nguo zinazotoka kwenye atelier ya papa hazishonwi na papa. Nazishona mimi.

Sasa nakusalimu. Hujambo? Kazi ya bloc, kule chumba cha upasuaji, inaendaje, na magoti yako? Huku tuko wazima kwa mdomo. Mama anaendelea na samaki wake sokoni, mvua inanyesha kila alasiri, barabara ya kwetu imegeuka matope, na shule tunaenda hivyo hivyo.

Nakuandikia kwenye karatasi juu nyumbani simu ni moja, na ukipiga, mama anaiweka haut-parleur katikati ya meza ili "kila muntu asikie". Mimi kwenye simu unanijua. Nasema "ndiyo, tatu mukaji", halafu namrudishia mama. Kwenye karatasi naongea.

Ilianza na sindano. Papa alisema, "Hadassa, macho imechoka, nipitishie uzi." Nikapitisha. Baadaye ikawa vifungo, kisha matundu ya vifungo, kisha kola. Lakini macho yake ni mazima, anaimba zaburi kanisani akisoma kitabu bila miwani. Vidole ndivyo vinakataa. Anasema ni kama amevaa glovu, hajui ameshika kitambaa au ameshika hewa. Mama anatoka mapema kwenda sokoni, kwa hiyo hajui kwamba shati la papa nalifunga mimi asubuhi. Papa anatazama ukuta, mimi natazama vifungo.

Sasa na miguu nayo. Anatembea kama mtu anayevuka maji. Vijana wa kwenye kona wanamwimbia, "Papa Nicolas, lutuku asubuhi yote hii?" na unajua papa hanywi hata bia ya harusi. Akiinamisha shingo, anasema umeme unamshuka mgongoni mpaka miguuni. Aliniambia hilo akicheka, kama ni mchezo aliougundua.

Noeli tulipeleka nguo za watoto wa komunyo. Mama Josée, yule anayeleta vitambaa kutoka kwenu, akasema mbele ya kanisa kwa sauti, "Papa Nicolas, mikono yako inazidi kuwa ya ufundi!" Papa akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Nilifurahi, tatu mukaji. Nguo zilikuwa nzuri, papa alikuwa anaumwa, na mimi nilifurahi. Sijui niweke wapi kitu kama hicho.

Papa mukubwa Damas anasema ni baridi imeingia mifupani. Anataka kumleta mtu mmoja wa Kambove anayenyosha shingo, anaivuta mpaka inalia. Papa amekubali, ili tu kaka yake anyamaze. Ni vizuri? Wewe unakaa na watu wa upasuaji kila siku. Na kwetu wewe, dada ya papa, ndiye tatu mukaji, yaani baba mwanamke, kukuambia wewe ni kama kumwambia papa mwenyewe, kwa hiyo sijaitoa siri nje. Ndivyo nilivyojipigia hesabu.

Mtoto wako,
Hadassa


Lubumbashi, tarehe 15 Februari 2024

Hadassa mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwa tatu mukaji wako. Magoti yananisumbua, kazi ni nyingi, sina neno. Karatasi yako nimeipata kwa mkono wa Mama Josée, imefungwa gundi mpaka nikaipasua. Na wewe hujambo? Unasoma, au unashona tu?

Yule mtu wa Kambove asimguse papa yako. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema asimguse. Asivute shingo, asiikande, asiizungushe. Mwambie Damas ni mimi nimesema, na kama maneno yamemjaa anipigie, nitayapokea.

Sasa nifanyie kitu. Mwambie papa anyoshe mikono mbele, afumbe ngumi na kufungua, afumbe na kufungua, upesi upesi. Angalia kama vidole vinachelewa kufunguka. Halafu atembee juu ya mstari wa simenti pale veranda, kisigino mbele ya kidole gumba. Usimshike, lakini simama karibu. Mwambie ni zoezi la shule.

Mimi nitampigia Jumamosi. Nitamwambia nimemwota vibaya na lazima aje. Kaka yangu haogopi daktari wala padri, lakini ndoto zangu anaziogopa tangu tulipokuwa watoto. Akifika huku nitampeleka mwenyewe kwenye mashini ya picha, IRM, na kwa Docteur Hervé, anayepasua mambo ya kichwa na mgongo. Mambo ya malipo usiyabebe wewe, ni yangu na yake.

Na ile furaha yako iache hapo hapo ilipo. Haimuumizi mtu.

Tatu mukaji wako,
Alphonsine


Likasi, tarehe 3 Machi 2024

Tatu mukaji mpendwa,

Habari ya siku hizi tangu papa arudi kutoka kwako? Natumaini umepumzika. Huku hatujambo, mama anakushukuru kwa chumvi na kwa kitambaa, kitambaa amekificha kwenye sanduku na anakitoa kila jioni kukitazama.

Zoezi tulilifanya kabla hajaja huko. Ngumi za kwanza alicheka, "Shule yenu sasa inafundisha boxe?" Halafu aliona mwenyewe vidole vinabaki nyuma, vinafunguka kimoja kimoja kama watu wavivu kanisani. Hakucheka tena. Kwenye mstari wa simenti alishika nguzo kabla sijamfikia.

Alirudi Jumatano na bahasha kubwa ya picha. Mama alikuwa anakoroga chungu cha sombe. Akauliza bila kugeuka, "Docteur anasema nini?"

"Anasema njia iko mbili."

"Njia ya kuenda wapi?"

"Ya kuingia mu shingo."

Mama akakaa chini, na kijiko mkononi.

Sasa nyumba nzima inasema mbele, nyuma, mbele, nyuma, na hakuna anayejua anasema nini. Papa anasema Docteur alieleza vizuri lakini yeye alikuwa anatazama ile picha ya shingo yake na hakusikia nusu. Mimi nimetafuta kwa Kifaransa kwenye simu ya mwenzangu wa darasa. Maneno nayaelewa, Kifaransa si shida. Lakini nikisoma, papa simuoni ndani yake. Naona tu shingo isiyo ya mtu.

Nieleze wewe, kama unavyonieleza mimi. Ni njia gani itarudisha vidole vyake?

Mtoto wako,
Hadassa


Lubumbashi, tarehe 8 Machi 2024

Hadassa wangu,

Nakusalimu katika siku hii ya akina mama. Wenzangu wameenda kwenye sherehe na vitenge vipya, mimi niko garde, zamu ni yangu, nimevaa kijani cha bloc. Mama yako hajambo? Mwambie kitambaa ni cha kushona, si cha kutazama.

Chukua koti. Mkono wa koti ni mifupa ya shingo, imepangwa mmoja juu ya mwingine na tundu katikati. Mkono wako ulioingia ndani ndiyo moelle, ile kamba kubwa ya mishipa ya fahamu inayopeleka amri ya kichwa kwa vidole na miguu. Kati ya mfupa na mfupa kuna mito midogo laini, kama ya kulalia. Ya papa yako, mitatu imechakaa na kuvimba, na mifupa imeota vinundu vigumu pembeni. Mkono wa koti umekuwa mwembamba. Moelle inabanwa, na ndiyo sababu vidole havisikii amri. Tukiacha, itaendelea kubanwa, na siku moja hatasimama.

Njia ya mbele: wanakata kidogo tu kwenye mkunjo wa ngozi ya koo, wanasukuma kando bomba la hewa na njia ya chakula, wanafika kwenye mfupa bila kukata nyama kubwa. Wanatoa ile mito mibovu, yaani wanatoa chenyewe kinachobana. Mahali pake wanaweka vipande vya mfupa, na kibao cha chuma na skrubu, mifupa ishikane. Maumivu ni kidogo na mgonjwa anaamka upesi. Lakini pale pale unapita mshipa mwembamba unaotumikia sauti. Kuna wanaoamka na sauti ya kukwaruza, na kumeza kwa shida. Kwa wengi inarudi baada ya wiki au miezi. Kwa wachache hairudi kama zamani. Na mito ikiwa mitatu, koo linavutwa muda mrefu zaidi.

Njia ya nyuma: wanapita kwenye kisogo, hawagusi koo kabisa. Ile mifupa inayofunika moelle kwa nyuma wanaikata kabisa upande mmoja, upande wa pili nusu tu, na kuifungua kama mlango. Wanaweka vibao vidogo mlango usijifunge tena. Kwa lugha yenu ya atelier, wameachia mshono wa nyuma, koti limepanuka. Haifungi shingo sana, na inafaa pakibanwa sehemu nyingi. Lakini wamepita katikati ya nyama, kwa hiyo shingo inauma na kukakamaa, na kidonda ni kikubwa zaidi. Na kuna wachache wanaoamka bega moja limegoma, mkono haupandi. Kwa wengi unarudi polepole, miezi. Siyo wote.

Kama shingo ya mtu imeinama mbele, njia ya nyuma haisaidii, moelle inabaki imelalia mifupa. Ya papa yako bado imesimama vizuri, picha nimeiona na macho yangu. Kwa hiyo Docteur Hervé anaweza kupita popote.

Umeniuliza njia ipi itarudisha vidole. Nitakukatisha tamaa: kwa vidole na miguu, zote mbili zinafika karibu pamoja. Docteur amesema hivyo, watu waliolinganisha wagonjwa wengi wameandika hivyo, na mimi kwa miaka yangu yote nimeona hivyo. Kazi ya kwanza ni kuzuia ubaya usiendelee. Vilivyopotea vinaweza kurudi, kwa sehemu. Kilichobaki ni papa yako mwenyewe kusema: kama ni lazima ahatarishe kitu, ni sauti au ni bega?

Nimesikia Damas ameitisha kikao siku ya Matawi. Siwezi kuja, niko garde tena. Utakaa kwenye kiti changu. Kwetu mtoto akikaa kwenye kiti cha tatu mukaji anaongea kwa mdomo wa tatu mukaji, na hakuna wa kumwambia nyamaza. Damas anajua, naye alishakikalia kile cha tatu mukaji wetu akiwa mdogo kuliko wewe. Wasomee haya niliyoandika juu ya njia mbili. Ukimaliza, kama una lako, sema. Kama huna, kaa. Sikulazimishi.

Tatu mukaji wako,
Alphonsine


Likasi, tarehe 26 Machi 2024

Tatu mukaji,

Nakusalimu kwa jina la wote, na wote wanasema umefanya vizuri, hata papa mukubwa Damas, ingawa yeye amesema akitazama pembeni. Hujambo? Sisi tuko. Naandika upesi, uvumilie herufi.

Tulikaa veranda baada ya misa, matawi yamewekwa kwenye meza. Papa, mama, papa mukubwa Damas, Papa Casimir mkubwa wa chorale, na majirani wawili waliopita kusalimia wakasahau kuondoka. Kiti chako kilikuwa karibu na mlango. Nilipokikalia mama alinitazama, halafu akasogeza meza ili nipate nafasi ya magoti. Nilisoma. Nilisoma vibaya, chini chini, papa mukubwa akasema, "Alphonsine iko na sauti kubwa kupita ile," watu wakacheka, nikaanza tena kwa sauti.

Nilipofika mwisho, papa mukubwa ndiye aliyeanza.

"Shingo ya kufungula kwa mbele, ile ni ya mbuzi. Ndugu yangu haiko mbuzi. Nyuma."

"Na mukono?" mama akasema. "Wanasema mukono inaweza kugoma. Mukono ya mushoni! Weye Damas, ikigoma utakuya kutulisha?"

"Clotilde, minye nasema tu juu ya koo."

"Koo haipikake bukari ya kula. Mbele."

Papa Casimir akainua kidole kama mwanafunzi. "Mama Clotilde, pole, lakini na sisi? Zaburi nani ataimba? Muko munajua ile sauti, tangu kijana. Mukiiharibu hamuwezi kuinunua ku Lubumbashi."

"Zaburi haiwashake moto ku mbabula, Papa Casimir."

"Lakini inaleta batu ku kanisa!"

"Basi batu bakuye na samaki."

Ikawa hivyo, tatu mukaji. Waliongea juu ya papa kama kitambaa kilichotandikwa mezani, huyu anavuta hapa, huyu anakata pale. Papa alikaa wima bila kugeuza kichwa, kwa hiyo kila anayeongea alimtazama kwa macho tu. Mwishoni papa mukubwa akasema, "Nicolas, na weye sema. Shingo ni yako."

Papa akakohoa. "Tufanye kwa mbele."

"Njo vile?"

"Njo vile. Nyumba inakula kwa mukono. Sauti... nimeimba mingi. Inatosha."

Alisema "inatosha" kama mtu anayesukuma sahani ambayo hajamaliza. Papa Casimir akainamisha kichwa. Na mimi nikajua kwamba papa anataka nyuma, na kwamba anatoa sauti yake kwa ajili ya mkono ambao hauleti kitu tangu Novemba. Wawili tu tulijua, na yeye hawezi kusema mbele ya kaka yake.

Sijui nilisimama lini. Nilikuwa nimeshika karatasi yako na miguu yangu ilikuwa imesimama.

"Ile mukono haishone tena," nikasema. "Tangu Novemba ni minye nashona. Nguo za komunyo ni minye. Koti ya Papa Casimir ni minye. Papa anakata, ananionesha, minye nashona. Nyumba inakula. Kwa hiyo papa achague yenye anapenda."

Papa Casimir akatazama koti alilovaa.

Papa mukubwa Damas akauliza, "Nani anasema sasa? Mutoto, ao Alphonsine?"

"Wote wawili," nikasema, na sikujua nimepata wapi hilo jibu.

Papa hakunitazama. Nilidhani nimemvua nguo mbele za watu. Nilitaka kukimbia lakini kiti chako kilikuwa kimenizuia nyuma ya magoti. Basi mama akaanza kucheka. Unajua mama anavyocheka, anaanza na mabega.

"Weye mutoto, unawaza sikujua? Tangu papa yako anioe, tundu ya kifungo yake inakuwaka sawa na mudomo ya samaki. Ghafla, Novemba, inakuwa nzuri! Minye nauzishaka samaki, mudomo ya samaki naijua."

Watu walicheka mpaka jirani mmoja akatoka uani. Papa naye alicheka, akajisahau akainamisha shingo, umeme ukampiga, akasema "aïe" na akaendelea kucheka. Alipotulia alinitazama, kwa mwili wote, juu kichwa hakigeuki vizuri.

"Bon," akasema. "Kama mukono ya nyumba ni ile inasimama pale ku kiti ya Alphonsine, minye nachagula nyuma. Bega ikigoma, igome. Sauti muniachie."

Papa mukubwa akapiga meza. "Shi nilisema? Nyuma!" Sasa anatembea mtaani akisema ni yeye aliyeamua.

Jioni, tukiosha sahani, nilimuuliza mama kwa nini alipigania mkono ilhali alikuwa anajua haushoni. Akasema, "Ningesema kitu gani mbele ya Damas? Bwana yangu anafungwa vifungo na mutoto? Nilikuwa nangoya yeye aseme." Halafu akasema, "Ao weye."

Wataondoka wiki ya pili baada ya Pasaka. Pasaka ataimba.

Mtoto wako,
Hadassa


Lubumbashi, tarehe 19 Aprili 2024

Hadassa,

Salamu. Najua hutaki salamu leo. Papa yako ametoka bloc jana, yuko mzima, amelala karibu nami hapa ninapoandika, na mama yako anamgombeza muuguzi juu ya uji.

Hawakuniruhusu kushika vyombo. Huku ndugu hashiki. Nimeshika vyombo kwa ajili ya watu wengi kuliko nywele zangu, na kwa kaka yangu nilikaa kwenye benchi la korido kama mama yeyote. Wadogo zangu wa kazi walipita wakinicheka nilivyokuwa nimevaa kofia ya bloc bila kazi, kisha mmoja akaniletea chai na akakaa nami.

Docteur Hervé alifungua mlango ule wa mifupa kama nilivyokueleza, na vibao vimekaa. Anasema moelle ilirudi kupumua mbele ya macho yake. Papa yako, kabla ya kufungua macho, alianza kunguruma wimbo, chini kabisa, kama mtu anayejaribu radio. Nilisikia kutoka mlangoni. Sauti ipo, yote.

Docteur akamwambia aminye vidole vyake. Akaminya. Akamwambia ainue mikono. Wa kushoto ukapanda. Wa kuume ulifika kifuani ukakataa.

Nilikuambia kuna wachache wanaoamka hivyo. Yeye ni mmoja wao. Mimi nililia kidogo ndani ya mask, ambako hakuna anayeona. Yeye aliutazama ule mkono, akasema, "Bon, tulikuwa tumeelewana." Docteur anategemea utarudi, ila haahidi, na mimi pia siahidi.

Aliniomba nisikuambie mpaka arudi nyumbani. Nimemjibu baba mwanamke hawafichi watoto kitu. Soma, shona, kula. Usimwambie unajua, mwache akuambie mwenyewe, neno lake amelifanyia mazoezi.

Tatu mukaji wako,
Alphonsine


Likasi, tarehe 18 Agosti 2024

Tatu mukaji mpendwa,

Nimekaa muda mrefu bila kukuandikia, na unajua sababu, juu kila Jumapili unaongea na papa kwa haut-parleur na habari zote unazo. Lakini kuna habari ambazo hazifai haut-parleur. Hujambo? Baridi ya kiangazi huku imeanza kuondoka, vumbi limebaki, mama anakohoa kidogo, si kitu. Nimefaulu darasa. Kemia kidogo tu ilinishika mguu.

Minerve, ile kola ngumu ya shingo, alishaivua. Anatembea sasa mpaka kwenye kona na kurudi, bado anachagua pa kukanyaga kama mtu mwenye viatu vipya, na vijana wa kona wamehamia kumtania mwingine. Umeme wa mgongoni umekwisha. Vidole vinarudi. Siyo vyote kwa siku zote, kidole kidogo kinalala asubuhi na kuamka mchana, lakini juzi ameokota pini sakafuni, akaitazama kwenye kiganja, akaiangusha kusudi, akaiokota tena. Nilijifanya napiga pasi.

Bega ndilo lenye kiburi. Anafanya ile kazi mliyomfundisha, anapandisha vidole ukutani polepole kama mdudu, na anapofika mwisho anaweka alama ya chaki ya kushonea. Ukuta wa atelier una alama kutoka kifuani mpaka karibu na kidevu. Mama anasema ukuta unaonekana wa wendawazimu. Kwa wiki tatu alama zilikuwa mahali pamoja, moja juu ya nyingine. Halafu moja ikapanda. Kidogo, upana wa kidole.

Wateja sasa wanajua. Mama mmoja alisema, "Minye nataka Papa Nicolas mwenyewe." Papa akamjibu kutoka kwenye kiti, akinionyesha kwa kidevu, "Mwenyewe njo ule. Minye niko chef." Yeye anakata kwa mkono wa kushoto na anakosoa kwa mdomo. Shida yangu mimi ni vipimo. Kushona ni rahisi, nguo hainitazami. Lakini lazima nimzunguke mtu asiyenijua na mita, nimshike kiuno, niseme namba kwa sauti ili papa aiandike. Wiki ya kwanza nilikuwa nanong'ona na papa anauliza, "Ngapi? Unasema na mita ao na minye?" Sasa nasema. Bado natoka jasho, lakini nasema.

Na sikukuu ya Bikira Maria, tarehe kumi na tano, aliimba. Papa Casimir alikuwa amemwandalia kiti, papa akakiacha. Alisimama ameegemea nguzo, mkono wa kuume umelala kwenye tumbo, na akaimba zaburi yote. Mimi nilikuwa nyuma na wasichana wenzangu. Sauti yake naisikia tangu kuzaliwa, kama maji ya bomba uani, huisikii mpaka ikatike. Siku hiyo niliisikia. Nilitazama mama, alikuwa anatazama watu mmoja mmoja, kuona kama na wao wanasikia. Nimewaza, kama angepita mbele angekuwa sasa ananyosha mkono mpaka kwenye rafu ya juu bila neno, na labda angeimba pia, hakuna ajuaye. Papa hawazi hivyo. Nilimuuliza kama anajuta, akaniambia nimpe mkasi.

Nakuandikia kwenye meza ya kukatia, kati ya mashati mawili ya shule. Nasikia papa anavuka uani, mguu mmoja unapiga bomba la maji, ndiyo yeye. Nimekuwa nafunika karatasi zako kwa kitambaa kila mtu akikaribia mlango. Hii naiacha wazi, na kalamu juu yake. Maji ya kupigia pasi yamekwisha, naenda kuchota.

Mtoto wako,
Hadassa


Alphonsine,

Ni minye. Mutoto ameenda ku mayi, ameacha karatasi wazi, nimesoma yote. Herufi ni sawa na kuku amepita, lakini ni mukono ya kuume, na hakuna muntu anaishika.

Kuna kosa moja. Ku kanisa sikuegemea nguzo. Nguzo ilikuwa karibu, basi.

Kaka yako,
Nicolas